Neno la mwisho ni la nani? Wakatoliki, Waprotestanti na Biblia mbili za Kigali

KIGALI. Mfanyabiashara anayeshusha mzigo Nyabugogo kwa mara ya kwanza hujifunza mambo ya lazima ndani ya wiki moja: bei ya kupanga stoo, saa ambazo malori yanaruhusiwa kuingia mjini, na nani wa kumwona karatasi za forodha zikikwama. Lipo jambo jingine linalochukua muda mrefu zaidi kulisikia. Wanyarwanda wawili wanaokwenda kusali Jumapili ile ile hulitaja jina la Mwokozi kwa namna mbili. Mmoja husema Yezu Kristu, mwingine Yesu Kristo. Mmoja humwomba Roho Mutagatifu, mwingine Umwuka Wera. Mmoja anakwenda kiliziya, mwingine rusengero.

Kwa neno moja tu mwenyeji hutambua kama anayezungumza naye ni Mkatoliki au Mprotestanti. Tofauti hiyo ya maneno ni alama ya mabishano ya zamani zaidi: kitabu kitakatifu ni kipi, kina sura ngapi, na nani ana haki ya kusema maana yake. Mabishano hayo yalianza Ulaya miaka 500 iliyopita, yakaingia Rwanda kupitia njia zile zile za maziwa ambazo leo hupita mchele, vitenge na saruji, na hadi leo yanaamua nani anafungua duka Jumamosi, nani anamwoa nani, na nani anaruhusiwa kusimama mbele ya watu na kuhubiri.

Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2022, Wakatoliki ni kama asilimia 40 ya Wanyarwanda. Wapentekoste, Waprotestanti wa madhehebu ya zamani na Waadventista wakiunganishwa wanawazidi. Kwa hiyo anayefanya biashara Kigali hawezi kuwa na wateja wa upande mmoja tu.

Maneno yaliyovuka mpaka

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuyajali maneno hayo, kwa kuwa mengi ya upande wa Wakatoliki ni yake. Mutagatifu ni takatifu. Roho ni roho ile ile. Bikira Mariya haihitaji tafsiri. Kwa miongo kadhaa Wakatoliki wa Rwanda hata Mwenyezi walimwita kwa neno la Kiswahili, Mungu, huku Waprotestanti wakilichukua neno la wenyeji, Imana.

Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, wamisionari wa Kikatoliki waliingia wakitokea upande wa Ziwa Victoria, katika koloni la Wajerumani ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya utawala na ya msafara. Walifuatana na makatekista kutoka Buganda, na maneno ya dini waliyokuwa nayo tayari yalikuwa yamezoeleka nje ya Rwanda. Pili, neno Imana lilitumika pia katika mambo ya uaguzi na bahati njema, na mapadri waliogopa kwamba mtu angebatizwa huku akibaki na maana ya zamani moyoni. Waprotestanti walilipima jambo hilo kwa kipimo kingine. Kwao, watu walikuwa wanamjua Muumba kwa jina hilo kabla mzungu hajafika, na kazi ya mhubiri ilikuwa kuwaeleza zaidi juu yake, bila kuwaletea jina geni.

Baadaye Wakatoliki nao walilikubali neno Imana, na leo linatumika pande zote. Yezu na Yesu hawajaungana. Biblia ya Wakatoliki ni Bibiliya Ntagatifu, ya Waprotestanti ni Bibiliya Yera, na maneno yote mawili yana maana moja: takatifu. Anayeagiza vitabu kwa jumla lazima ajue anaagiza ipi, maana mteja akifungua ukurasa wa kwanza na kukuta jina asilolizoea, atakirudisha kitabu.

Askofu aliyekimbia Mengo

Ushindani wa makanisa haya Rwanda haueleweki bila kuitazama Uganda. Januari 1892, kwenye vilima vya Mengo, wafuasi wa Kabaka waliobatizwa na Wakatoliki na wale waliobatizwa na Waanglikana walipigana kwa bunduki. Wakatoliki waliitwa Wafaransa na Waprotestanti wakaitwa Waingereza, kwa kufuata nchi za wamisionari wao. Kapteni Lugard wa kampuni ya Kiingereza alikuwa na bunduki ya Maxim, na upande wa Waprotestanti ukashinda.

Askofu Mkatoliki aliyelazimika kukimbia siku hizo alikuwa Jean-Joseph Hirth wa shirika la Mapadri Weupe. Miaka minane baadaye, tarehe 2 Februari 1900, Hirth huyo huyo alifika Nyanza kwenye makao ya Mwami Yuhi Musinga kuomba nafasi ya kufundisha dini. Siku chache baadaye misheni ya kwanza ilianzishwa Save, kusini mwa nchi. Mtu aliyeona misheni zake zikichomwa Buganda hakutaka kufika Rwanda wa pili.

Waprotestanti walichelewa. Wamisionari wa Kilutheri wa Bethel kutoka Ujerumani walifika mwaka 1907, wakafungua vituo Zinga na Kirinda. Kiongozi wao, Ernst Johanssen, alikuwa ametumika miaka mingi Usambara, ambako alianzisha misheni ya Mlalo, leo Wilaya ya Lushoto nchini Tanzania. Mwaka huo huo wa 1907 ndio ambao Richard Kandt alianzisha mji wa Kigali. Mapadri Weupe walifungua parokia ya Sainte-Famille mjini mwaka 1913, na kanisa lake la matofali bado linaonekana na kila anayepanda kutoka bondeni kwenda katikati ya jiji.

Namna ya kufundisha ilionyesha tofauti. Mapadri Weupe walifuata kanuni ya mwanzilishi wao, Kardinali Lavigerie: anayetaka ubatizo afundishwe kwa miaka minne. Alikariri katekisimu, maswali na majibu yaliyoidhinishwa na Kanisa, kabla hajamwagiwa maji. Waprotestanti waliweka nguvu kwanza katika kutafsiri Maandiko. Injili nne zilitolewa kwa Kinyarwanda mwaka 1914, kazi ya watu wa Bethel. Baada ya Wajerumani kuondoka mwaka 1916, kazi iliendelezwa na wengine, na mwaka 1931 Agano Jipya lote likachapishwa kwa juhudi za Harold Guillebaud wa misheni ya Kianglikana, ambayo ilikuwa imeingia kutoka Uganda na kuweka kituo Gahini, mashariki mwa nchi. Biblia kamili ya Waprotestanti ilipatikana miaka ya 1950.

Wakatoliki hawakukaa bure wakati huo. Tarehe 7 Oktoba 1917 mapadri wawili wa kwanza wa Kinyarwanda, Balthazar Gafuku na Donat Reberaho, walipewa daraja Kabgayi. Upande mmoja ulianza kwa kuwapa watu kitabu na upande wa pili kwa kuwapa watu mapadri, na kila upande uliamini umeanza na kilicho cha lazima.

Vitabu 73 na vitabu 66

Anayelinganisha Biblia hizo mbili hukuta ile ya Kikatoliki ni nene zaidi. Ina vitabu 73, ya Kiprotestanti ina 66. Agano Jipya ni lile lile, vitabu 27. Tofauti iko katika Agano la Kale: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na vitabu viwili vya Wamakabayo, pamoja na nyongeza katika Esta na Danieli.

Vitabu hivyo vilisomwa na Wayahudi waliotumia Kigiriki na Wakristo wa mwanzo wakavirithi. Havimo katika Biblia ya Kiebrania. Martin Luther alipochapisha Biblia kamili ya Kijerumani mwaka 1534 aliviweka kando, mwishoni mwa Agano la Kale, kama vitabu vizuri kusomwa lakini visivyo na uzito sawa na vingine. Mtaguso wa Trento ulijibu mwaka 1546 kwa kutangaza kwamba ni Maandiko kamili. Waanglikana walichukua njia ya katikati: visomwe kwa kufundisha maadili, visitumike kujenga mafundisho ya imani. Mwaka 1826 Chama cha Biblia cha Uingereza kiliamua kutogharamia tena Biblia zenye vitabu hivyo, na kwa kuwa chama hicho ndicho kilichochapisha Biblia nyingi za kimisheni, Waprotestanti wengi wa Afrika walikua bila kuviona.

Tofauti hii ina matokeo ya moja kwa moja katika maisha ya watu. Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12, kinaeleza juu ya kuwaombea wafu. Kwa hiyo Mkatoliki wa Kigali aliyefiwa na ndugu huomba misa ya kumwombea marehemu na huirudia kila mwaka. Mprotestanti hakioni kitabu hicho katika Biblia yake. Kwake marehemu yuko mikononi mwa Mungu, na ibada inayofanyika ni ya kuwafariji walio hai. Mfanyabiashara wa Mwanza au Goma anayekwenda kutoa pole kwa mshirika wake Kimironko anafanya vema kuuliza mapema familia ni ya upande gani. Mchango wa misa unaopokewa kwa shukrani katika nyumba moja unaweza kuwa mzigo wa aibu katika nyumba ya pili.

Hata hivyo, katika kutafsiri, pande mbili zimesogeleana. Mwaka 1968 Vatikani na vyama vya Biblia vya dunia walikubaliana kanuni za kutafsiri pamoja. Afrika Mashariki tunda lake linalojulikana zaidi ni Biblia ya Habari Njema ya Kiswahili, iliyokamilika miaka ya 1990. Rwanda nayo ina tafsiri ya pamoja, Bibiliya Ijambo ry'Imana, ambayo Chama cha Biblia cha Rwanda huitoa kwa namna mbili: moja yenye vitabu vya ziada na moja isiyokuwa navyo. Maneno ni yale yale, ila muumini anachagua unene anaoukubali.

Kitabu peke yake, au kitabu na Kanisa

Nyuma ya hesabu ya vitabu lipo swali kubwa zaidi. Mprotestanti anasema neno la mwisho ni la Maandiko. Askofu, mchungaji, sinodi na desturi vyote vinapimwa kwa Biblia, na kisichopatikana humo hakiwezi kumfunga mtu dhamiri. Hutegemea Waraka wa Pili kwa Timotheo, sura ya 3, unaosema Maandiko yenye pumzi ya Mungu yanatosha kumkamilisha mtu kwa kila kazi njema. Kwa msingi huo huuliza: toharani imeandikwa wapi? Papa asiyekosea imeandikwa wapi? Kuomba kwa Mariamu kumeandikwa wapi?

Mkatoliki anajibu kwa swali: orodha ya vitabu vya Biblia yenyewe imeandikwa wapi? Hakuna kitabu cha Biblia kinachotaja orodha kamili. Walioitambua walikuwa maaskofu wa Kanisa katika karne za mwanzo. Kwa hoja hiyo, Maandiko na mapokeo ya mitume ni chemchemi moja, na mamlaka ya kufundisha yaliyokabidhiwa kwa Petro na waandamizi wake ndiyo yanayolinda maana isipotoshwe. Naye ana aya zake: Waraka wa Pili kwa Wathesalonike, sura ya 2, unaowataka waamini washike mafundisho waliyopokea kwa mdomo na kwa barua, na Injili ya Mathayo, sura ya 16, juu ya mwamba na funguo.

Mprotestanti hurudi na kusema kwamba Kanisa liliutambua ukweli wa vitabu hivyo, halikuuumba, kama vile sonara anavyoitambua dhahabu bila kuitengeneza. Mkatoliki huuliza basi kwa nini wanaoshika Biblia peke yake wamegawanyika katika makanisa yasiyohesabika. Hapo mazungumzo ya kwenye basi la Kigali kwenda Kampala kwa kawaida hufika Gatuna, na abiria hushuka kugonga mihuri.

Kibeho ni mfano hai wa tofauti hiyo. Tangu tarehe 28 Novemba 1981 wasichana wa shule moja ya kusini mwa Rwanda walisema wanamwona Bikira Maria. Kanisa Katoliki halikukimbilia kukubali. Liliunda tume, likachunguza miaka 20, na tarehe 29 Juni 2001 Askofu Augustin Misago wa Gikongoro akatangaza kwamba matokeo ya mabinti watatu yanaaminika. Leo mahujaji hutoka Kongo, Uganda, Burundi na Tanzania, na wenye mabasi, nyumba za wageni na maduka ya rozari wanalijua soko hilo vizuri. Kwa Mkatoliki, tamko la askofu linampa ruhusa ya kuamini, ingawa halimlazimishi. Kwa Mprotestanti, askofu hana uwezo wa kulipa tukio uzito ambao Maandiko hayajalipa.

Jumamosi sokoni

Wapo wanaozibana pande zote mbili. Waadventista wa Sabato, walioanzisha kituo cha Gitwe baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ni kama asilimia 12 ya Wanyarwanda, idadi kubwa kuliko katika nchi nyingi za dunia. Hoja yao ni rahisi: amri ya nne inataja siku ya saba, na siku ya saba ni Jumamosi. Anayesema Maandiko peke yake, basi aifuate Jumamosi.

Mkatoliki hana taabu na swali hilo. Anakiri kwamba Kanisa ndilo lililoiweka Jumapili, siku ya ufufuko, kwa mamlaka yake. Mwanglikana, Mpresbiteri au Mpentekoste anapata kazi zaidi. Huonyesha kwamba wanafunzi katika Agano Jipya walikutana siku ya kwanza ya juma, na Mwadventista humjibu kwamba kukutana si kuibadilisha amri.

Kwa mfanyabiashara jambo hili ni la fedha taslimu. Duka la Mwadventista hufungwa jua linapotua Ijumaa na halifunguliwi hadi jua lizame Jumamosi. Mzigo wa nyanya au samaki unaofika Ijumaa jioni kwa mpokeaji Mwadventista utakaa kwenye gari. Madereva wazoefu hupanga safari ili wawakute wapokeaji hao Alhamisi au Jumapili, siku ambayo Wakatoliki na Waprotestanti wengi wako ibadani na Mwadventista yuko kaunta. Ukiongeza umuganda wa Jumamosi ya mwisho ya mwezi, kalenda ya Kigali inahitaji kusomwa kwa makini kabla ya kupakia.

Gahini na moto uliovuka mipaka

Swali la nani ana mamlaka halikuwa la Wakatoliki na Waprotestanti pekee. Liliwagawanya Waprotestanti wenyewe, na Rwanda ndiyo ilikuwa kitovu. Miaka ya 1930 hospitali na shule ya misheni ya Gahini zilikumbwa na uamsho. Daktari Mwingereza Joe Church na Waganda Simeoni Nsibambi na Blasio Kigozi ni miongoni mwa majina yanayotajwa kwanza. Watu waliungama dhambi hadharani, wakarudisha mali walizoiba, wakaitana ndugu bila kujali rangi wala cheo. Uamsho ulienda Uganda, ambako waliitwa Balokole, kisha Burundi, Kenya na Tanganyika.

Wafanyabiashara wa zamani walifaidika nao, kwa kuwa Mlokole aliaminika kwa deni. Wakuu wa kanisa nao walipata shida. Mkristo wa kawaida mwenye Biblia mkononi alikuwa na ujasiri wa kumwambia mchungaji wake kwamba hajaokoka. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, wakiongozwa na William Nagenda, walifukuzwa kwa kukataa amri ya kuacha mikutano yao ya alfajiri. Baada ya muda uamsho na uongozi wa Kanisa la Anglikana walipatana, na wengi wa maaskofu wa baadaye walitoka humo.

Karibu na wakati huo huo, mwaka 1940, wamisionari Wapentekoste kutoka Sweden walifungua kituo Gihundwe, karibu na mpaka wa Bukavu. Kanisa lililozaliwa huko, ADEPR, leo ndilo kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini.

Mwaka ambao mamlaka yote yalihojiwa

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalizipiga pande zote mbili. Watu walikimbilia makanisani Nyamata na Ntarama wakiamini nyumba ya Mungu haitaguswa, na waliuawa humo. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu padri Mkatoliki, Athanase Seromba, kwa mauaji ya kanisa la Nyange, na mchungaji Mwadventista, Elizaphan Ntakirutimana, kwa yaliyotokea Mugonero. Aliyetegemea mamlaka ya Kanisa na aliyetegemea kitabu peke yake walibaki na swali lile lile.

Novemba 2016 maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba msamaha kwa ajili ya waumini wao walioshiriki. Machi 2017 Papa Fransisko, alipokutana na Rais Paul Kagame Vatikani, aliomba Mungu msamaha kwa dhambi za Kanisa na watu wake. Wengi waliorudi kutoka Uganda, Kongo, Burundi na Tanzania baada ya 1994 walirudi na makanisa yao, na wengine waliokuwa Wakatoliki walihama. Hapo ndipo Kigali ilipojaa vyumba vya ibada katika maduka, magereji na mahema.

Serikali inauliza cheti

Ongezeko hilo lilileta msuluhishi mpya katika mabishano ya zamani, nayo ni serikali. Mapema mwaka 2018 zaidi ya makanisa 700 mjini Kigali yalifungwa kwa kutotimiza masharti ya majengo, usafi na kelele. Kisha Sheria namba 72/2018 ya tarehe 31 Agosti 2018 ikaweka kwamba wahubiri wenye wajibu wa kusimamia wengine wawe na elimu ya chuo kikuu katika masomo ya dini, na wakapewa miaka mitano kujipanga. Muda ulipokwisha, ukaguzi wa mwaka 2024 ulifunga maelfu ya nyumba za ibada nchini.

Sharti la shahada halikumgusa kila mtu kwa uzito mmoja. Padri Mkatoliki husoma miaka mingi seminarini, ikiwemo Seminari Kuu ya Nyakibanda iliyofunguliwa mwaka 1936, na hasimami altareni bila askofu kumtuma. Wapresbiteri, Waanglikana na wenzao walianzisha kitivo cha theolojia Butare mwaka 1970, ambacho leo ni chuo cha PIASS mjini Huye. Mzigo uliangukia zaidi makanisa ambayo mhubiri hutambuliwa kwa wito, kwa maombi na kwa kuijua Biblia. Kwa mafundisho yao, wavuvi wa Galilaya hawakuwa na shahada. Kwa hoja ya serikali, mtu anayekusanya sadaka na kuwashauri wagonjwa wasimeze dawa hawezi kuachwa bila kipimo chochote.

Bodi ya Utawala ya Rwanda, RGB, imekwenda mbali zaidi pale uongozi wa kanisa ulipovurugika. Oktoba 2020 iliwaondoa viongozi wa ADEPR baada ya migogoro ya muda mrefu na kuweka kamati ya mpito. Kanisa lisilo na Papa lilijikuta likipangiwa viongozi na ofisi ya serikali, na wapo waumini walioshukuru kwa kuwa waliona sadaka zao zikipotea katika ugomvi.

Jibu moja, njia mbili

Mwaka 2023 Kigali yenyewe ilikuwa mahali pa uamuzi mkubwa juu ya Maandiko na mamlaka. Kuanzia tarehe 17 hadi 21 Aprili, wajumbe 1,302 wa mkutano wa Waanglikana wa GAFCON kutoka nchi 52 walikutana hapa. Kanisa la Uingereza lilikuwa limekubali maombi ya baraka kwa wapenzi wa jinsia moja. Tamko la Kigali lilisema Askofu Mkuu wa Canterbury ameacha Maandiko, kwa hiyo hawamtambui tena kama kiongozi wa kuwaunganisha Waanglikana wa dunia. Mwenyeji wao, Askofu Mkuu Laurent Mbanda wa Rwanda, alichaguliwa kuongoza baraza la maaskofu wakuu wa GAFCON.

Desemba ya mwaka huo huo Vatikani ilitoa waraka ulioruhusu baraka zisizo za kiibada kwa watu kama hao. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika hawakuufurahia. Lakini Januari 2024 tamko lao, lililosainiwa na Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, lilitolewa baada ya mazungumzo na Roma: kwa ujumla Afrika haitatoa baraka hizo, na umoja na Papa unabaki.

Maaskofu wa pande mbili, katika ukanda mmoja, walifika karibu na jibu moja. Waanglikana walilipata kwa kukata uongozi ambao kwao ulikuwa umekiacha kitabu. Wakatoliki walilipata kwa kumwendea mwenye mamlaka na kuomba nafasi ndani ya nyumba.

Yanayobaki nyumbani na barabarani

Kwa watu wa kawaida swali hufika zaidi kwenye ndoa. Sheria ya Rwanda inatambua ndoa ya serikali inayofungwa mbele ya ofisa, na ibada hufuata. Mkatoliki anaweza kufunga ndoa na Mprotestanti aliyebatizwa kwa ruhusa ya askofu, na huahidi kufanya awezavyo watoto walelewe Kikatoliki. Makanisa mengi ya Kipentekoste humtaka mwenzi ahamie kwao na abatizwe upya kwa kuzamishwa. Kanisa Katoliki hutambua ubatizo wa maji kwa jina la Baba, Mwana na Roho Mtakatifu hata ukifanywa na Mprotestanti, wala halirudii. Wapentekoste na Waadventista husema mtoto mchanga hawezi kuamini, hivyo hakubatizwa. Mahari huweza kukubaliwa mchana mmoja, na suala la ubatizo likachukua miezi.

Zipo pia siku ambazo tofauti hupungua. Kati ya tarehe 18 na 25 Januari kila mwaka makanisa huadhimisha juma la kuombea umoja wa Wakristo. Tarehe 3 Juni, Namugongo, Wakatoliki huwakumbuka mashahidi wao 22 na Waanglikana 23 wao, wote waliouawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya 1885 na 1887. Papa Paulo wa Sita alipowatangaza watakatifu wale 22 mwaka 1964, aliwataja kwa heshima na wale wa Anglikana. Miaka sita tu baada ya vifo vyao, waumini wa pande hizo mbili walipigana Mengo.

Wafanyabiashara wa mipakani wameishi na mabishano haya kwa miaka zaidi ya 100 bila kuvunja soko. Katika vikundi vya akiba vya Kigali, ibimina, Mkatoliki, Mpentekoste na Mwislamu wa Nyamirambo huweka fedha katika daftari moja. Hakuna anayeulizwa Biblia yake ina vitabu vingapi. Huulizwa kama ameleta mchango wa wiki, na kama anaweza kuuleta Jumapili badala ya Jumamosi kwa ajili ya mwenzao Mwadventista.